Siku 144 bila shule: finalisti apimwe namna gani?

Maneno tuliyosema mbele ya finalisti, wazazi na walimu, Fungurume

 Umeme umekatika tena. Mikro haiko, basi tutapandisha sauti.

Leo hatukuja kusema juu ya kampani, wala barabara, wala maji. Tutarudilia hayo, munatujua. Leo tunasema juu ya Exetat. Si kufundisha mtu namna ya kuipita. Tunataka kuuliza swali moja ambalo watu walilisahau mara tu shule zilipofunguliwa: siku ugonjwa utafunga shule tena, finalisti atapimwa namna gani ili iwe haki?

Sisi wenye kusimama hapa mbele tuko wa 2020. Ile mwaka tulikuwa mwaka wa sita, wamoja Pedagojia, wengine Biokimia, wengine Komersiali, wengine Umeme. Leo wengine wetu wako na diploma ya universite na bado wanakaa nyumbani, lakini ile ni hotuba ya siku ingine.

Tukumbushe kwanza tarehe, juu wadogo wetu walikuwa bado watoto. Tarehe 10 mwezi wa tatu 2020 Leta ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona kule Kinshasa. Tarehe 18 Rais akasema kwa televisheni, na kesho yake, tarehe 19, shule zote za nchi zikafungwa. Walisema wiki ine. Zile wiki ine zikakuwa miezi. Ni tarehe 10 mwezi wa munane ndipo walirudisha darasani mwaka wa sita tu, wa primeri na wa sekonderi. Muhesabu wenyewe: kutoka 19 ya mwezi wa tatu mpaka 10 ya mwezi wa munane ni siku 144. Kisha wiki kama tatu za kusoma mbiombio, na mwisho wa mwezi wa munane tukaingia mu Exetat.

Kwa nini tunashikilia ile hesabu ya 144? Juu zile siku hazikupita sawasawa kwa kila mtoto. Kulikuwa mtoto mwenye baba yake eko na nyumba yenye umeme, gruupu ikiwaka usiku, mwalimu akija mara tatu kwa wiki kumfundisha saluni. Huyo hakufungiwa shule; shule ilihamia kwake. Kulikuwa mwenye kusikiliza masomo kwa redio. Radio Okapi ilitoa masomo, na tunawashukuru, lakini redio haiko na ubao. Hesabu ya mwaka wa sita huwezi kuifuata kwa masikio tu, na mwalimu wa redio haoni kama umepotea njiani.

Na kulikuwa wale wengine, wengi zaidi. Munakumbuka katika migodi mingi ya Lualaba na Haut-Katanga wafanyakazi walizuiliwa ndani ya kampani wiki na wiki, bila kurudi kulala kwao. Baba eko kule, mama soko imefungwa nusu, basi kijana wa mwaka wa sita akakuwa baba wa nyumba. Akaenda ku karieri. Akabeba mifuko, akaosha madini, akapata feza ya unga. Na feza ya karieri munaijua: ukiizoea, ubao wa shule unakuwa kitu cha watoto. Mwezi wa munane, wakati kengele ililia, wengine hawakurudi. Wasichana pia. Wengine walikuwa na mimba, wengine walishaolewa. Hatutasema majina, munawajua, ni majirani.

Sasa wale wote wakaketi mbele ya karatasi moja. Siku ine, maswali yale yale kwa sehemu ile ile nchi nzima, unachagua jibu, unangojea matokeo kwa simu. Ukipata asilimia 50 uko na diploma. Ukipata 49 hauna kitu. Na wakubwa wanatuambia: haki gani ingine munataka, si wote walipewa maswali moja?

Wachimbaji wenye wako hapa watatusaidia kujibu. Mfuko wa madini ulionyeshewa na mvua, na mfuko mkavu. Ukipeleka yote miwili ku depo, ukaweka kwa mizani moja, mizani haitadanganya. Lakini hakuna mnunuzi atalipa sawasawa. Anatoa kwanza ile maji, anapima teneri, kisha ndiyo anasema bei. (Kama anaitoa kwa haki, ile ni kesi ingine, tunajua vile munalia juu ya mashini zao.) Basi hata depo inajua kwamba mizani moja haitoshi. Exetat ya 2020 ilipima mifuko yote na mvua yake.

Tulitafuta kuona nchi zingine zilifanya nini, juu hatukutaka kulia tu.

Tanzania walifunga shule tarehe 17 mwezi wa tatu, karibu siku moja na sisi. Kidato cha Sita walirudi tarehe 1 mwezi wa sita, na mtihani wao ukaanza tarehe 29 ya mwezi ule. Maana yake walikosa shule miezi miwili na nusu, wakapewa wiki ine za kurudilia. Sisi tulikosa karibu miezi mitano, tukapewa wiki kama tatu. Mwenye kupotea zaidi ndiye alipewa muda kidogo.

Kenya walichagua kungoja. Mwezi wa saba 2020 waziri wao wa elimu, Profesa George Magoha, alitangaza kwamba ule mwaka wa shule umepotea. Watu wakakasirika. Lakini mwezi wa kumi wakarudisha madarasa ya mtihani, wakasoma, na ule mtihani wa mwisho wa sekonderi wakaufanya mwezi wa tatu na wa ine 2021. Kuna kitu cha haki pale: hakuna mtoto aliyeulizwa kabla ya kufundishwa. Lakini kungoja kuna bei yake. Hapa kwetu, kijana aliye ku karieri ukimwambia ngoja miezi sita tena, hautamuona tena.

Ufaransa walifuta mtihani. Waziri alisema mwanzo wa mwezi wa ine: bakalorea itatolewa kwa pointi za mwaka, zile mwalimu alishaandika. Matokeo: zaidi ya 95 kwa 100 walifaulu, wakati mwaka uliotangulia ilikuwa 88. Hakuna aliyelia sana. Wapendwa, munacheka, juu munajua nini ingetokea hapa. Tuseme wazi, walimu wetu watusamehe. Mwalimu mwenye Leta haimlipi, mwenye feza yake inatoka kwa mzazi wa mwanafunzi, ukimwambia kwamba pointi yake peke yake ndiyo diploma, umemweka mu majaribu. Primeri iko bure tangu mwezi wa tisa 2019, lakini sekonderi mzazi analipa. Mwezi wa ine 2020 walimu wengi hawakuona hata franka moja, juu shule imefungwa na mzazi hana kitu. Hatusemi mwalimu wetu ni mwizi. Tunasema hakuna mtu anayepaswa kuwekwa mahali pale, kati ya njaa ya watoto wake na asilimia ya mtoto wa tajiri.

Ile ya Uingereza ndiyo ilituonyesha mambo mingi zaidi, tutakaa juu yake kidogo.

Uingereza nao walifuta mtihani. Walimu walitoa pointi walizofikiri kila mwanafunzi angepata, wakapanga wanafunzi wao kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho. Lakini ofisi yenye kuchunga mitihani, Ofqual, iliogopa kwamba walimu watapendelea. Wakatengeneza hesabu ya kompyuta. Ile hesabu iliangalia nini? Iliangalia vile shule yako ilifaulu miaka mitatu iliyopita. Kama shule yako haikuwa na desturi ya kutoa pointi za juu, basi wewe ulishushwa, hata kama wewe mwenyewe ulikuwa na akili za kushangaza. Na kama darasa lilikuwa na watu kidogo sana, hesabu haikuweza kufanya kazi, kwa hiyo waliacha pointi ya mwalimu. Sasa muulize: ni shule gani ziko na darasa la watu kidogo? Zile za kulipa feza mingi.

Matokeo yalitoka tarehe 13 mwezi wa munane 2020. Karibu 40 kwa 100 ya pointi za walimu zilishushwa. Vijana walitoka mu barabara za London na mabango, mbele ya wizara. Siku ine tu! Tarehe 17 serikali ikarudi nyuma, ikaacha pointi za walimu. Vijana wa harakati, ile muiweke akilini siku mtu atawaambia kwamba kusimama barabarani hakuna faida.

Lakini muangalie vizuri ile makosa, juu inaweza kuja kwetu na nguo ingine. Shule ya Tenke, ya Kisanfu, ya hapa mtaani, iko na historia gani? Darasa la watu wengi, benchi moja watu wane, mwalimu wa fizikia alikosekana mwaka mzima. Ukisema utanipima kwa historia ya shule yangu, unanipima kwa umaskini wa wazazi wangu. Mtu mmoja mmoja lazima apimwe kwa kazi yake yeye.

Sasa tufike kwetu. Kabla ya kuja hapa sisi wenyewe tulibishana, na ubishi ulikuwa mkali. Wenzetu wengine walisema: mwaka wa ugonjwa, wote wapewe diploma, kwisha. Tunaelewa moyo wao. Lakini wengi wetu tulikataa, na sababu yetu si ya Kinshasa, ni ya hapa hapa. Siku diploma ya mwaka fulani itakosa uzito, bosi hatasema basi nitaajiri kila mtu. Atasema: hii karatasi haisemi kitu, niletee mtu mwenye ninamjua. Na sisi watoto wa Fungurume wenye hatuna mjomba ofisini, ile karatasi ndiyo mjomba wetu. Tukiichana, tumejichana.

Tayari tunaiona. Ukienda kuomba kazi, mwenye kupokea karatasi anasoma mwaka, anacheka kidogo: "Aa, yako ni diplome ya Covid." Mtu aliyesoma kwa kinara cha simu, akarudi darasani na mikono imepasuka kwa kubeba mifuko, akapata asilimia 56, anaambiwa alipewa bure!

Basi tunapendekeza kanuni, na tunataka iandikwe sasa, wakati hakuna ugonjwa, juu ukingoja siku ya ugonjwa kila mtu atavuta kwake.

Mwaka wetu wa shule uko na miuhula miwili. Mwezi wa tatu 2020, muhula wa kwanza ulikuwa umekwisha nchi nzima: mitihani ilifanyika, buletini zilitoka, mzazi alitia sahihi. Ile ni mstari ambao hakuna mtu anaweza kubishana nao. Kwa hiyo, shule zikifungwa kwa muda mrefu, mtihani wa nchi uulize mpaka kwenye muhula wa mwisho uliokamilika, na isipite pale. Na iandikwe, ibandikwe kwa mlango wa kila shule. Mwaka 2020 maneno yalizunguka mingi, wataomba hili, hawataomba lile, lakini mikononi mwetu haikufika karatasi yenye kusema ukurasa wa mwisho ni upi. Mtoto wa saluni alikuwa na mtu wa kumuulizia. Sisi tulikuwa na uvumi.

Ya pili ni buletini. Tumesema pointi za mwalimu ni hatari. Ni kweli kwa zile anazoandika baada ya kujua kwamba ndizo zitaamua. Lakini buletini ya mwaka wa ine, ya mwaka wa tano, na ya muhula wa kwanza wa sita zilishaandikwa kabla ya ugonjwa. Hakuna aliyezinunua akijua kwamba korona inakuja. Basi ispekta achukue kopi mara tu muhula unapokwisha, kila mwaka, aziweke pahali pa kufungwa. Na mwaka wa ugonjwa zitumike namna hii: finalisti akipata 45 mpaka 49 mu Exetat, wafungue buletini zake. Kama zote tatu ziko juu ya 50, apite. Kama ziko chini, abaki na matokeo yake. Na mwenye kupata 60 mu Exetat, abaki na 60 yake, hata kama buletini zake zilikuwa mbaya. Buletini inaweza kukuinua, haiwezi kukushusha.

Mzee mmoja alituuliza wakati tulimuonyesha: na zile shule zenye kutoa 80 kwa kila mtu? Ni swali zuri. Ndiyo sababu tumeweka 45. Shule ya uongo haitampitisha mtoto aliyepata 30. Kutakuwa wengine watapita bila kustahili, tunakubali. Tukichagua kati ya wale wachache na yule kijana wa 49 aliyepoteza mwaka mzima juu baba yake alizuiliwa mgodini, tunajua upande wetu.

Kuna wale hawana buletini: wenye kufanya Exetat kama otodidakti, watu wazima wengi, wamama wengi. Kwao na kwa wagonjwa, na kwa wale walikwama ku karieri, na kwa msichana aliyezaa mwezi wa saba, iwekwe siku ya pili ya mtihani miezi michache kisha. Bila kulipa tena. Tunarudia: bila kulipa tena. Katika shule moja ya hapa, wamoja wetu walikuwa wamelipa feza ya Exetat mwezi wa pili, mwezi wa munane wakaambiwa waongeze, juu franka imeshuka. Mama aliuza mashini ya kushona. Mtoto alifanya mtihani, lakini ile mashini haikurudi.

Na diploma iwe moja. Hakuna alama, hakuna rangi ingine, hakuna neno la kuonyesha kwamba ni ya mwaka wa ugonjwa.

Mutatuambia: korona imekwisha, munasumbua watu bure. Muangalie nyuma kidogo tu. Mwisho wa 2020, wakati tulifikiri tumetoka, shule zilifungwa tena mwezi wa kumi na miwili, zikafunguliwa tarehe 22 mwezi wa pili 2021. Mwaka 2024, mwezi wa munane, Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza mpox kuwa hatari ya dunia nzima, na nchi iliyokuwa katikati ya ile hatari ni yetu. Mwaka 2025 Ebola ilitokea Bulape, mu Kasai. Hizi mbili hazikufunga shule za nchi nzima. Tulipona. Lakini hatuko nchi ya kusema ugonjwa ni habari ya zamani.

Sasa kazi. Tunaandika barua kwa sous-proved na kwa ofisi ya elimu ya provensi, Kolwezi, na kopi itaenda kwa wizara. Tunataka iende na ushahidi, isiende na hasira tu. Kila mtu wa 2020 mwenye bado eko na buletini zake za mwaka wa ine, wa tano na muhula wa kwanza wa sita, pamoja na asilimia yake ya Exetat, azilete tuzipige picha, jina tutalifunika. Tunataka kuona ni wangapi walipata kati ya 45 na 49, na buletini zao zilisema nini. Tukikuta ni watu kidogo, tutasema ni watu kidogo.

Wale waliokosa kabisa, wenye hawakurudi mwezi wa munane, muwaambie nao waje. Hawahitaji karatasi, tutaandika kwa mkono kile watatuambia.

Tutakaa hapa kila siku ya posho baada ya saa nane mpaka mwisho wa mwezi. Kwa Tenke tuko na watu wawili tayari. Kwa Kisanfu bado hatuna mtu, na pale ndipo wengi waliacha shule. Mwenye eko na moto na anaweza kwenda mara moja kwa wiki, atuone kabla ya kutoka. Mafuta tutachangishana.